Daktari Ross na Hesabu ya Mbu

Aghalabu watu humkumbuka Daktari Ronald Ross kwa tukio moja tu, nalo ni lile la tarehe 20 Agosti 1897 huko Secunderabad, Bara Hindi, alipochungulia kwa hadubini tumbo la mbu akaona vimelea vya malaria, jambo lililompatia tuzo ya Nobel mwaka 1902. Lakini kazi yake ya pili, ambayo haikumletea sifa kubwa wala mali, ndiyo niionayo mimi kuwa na athari iliyodumu zaidi.

Kazi hiyo ilizaliwa katika ugomvi. Huko Mian Mir, karibu na Lahore, palifanywa jaribio la kuangamiza viluwiluwi, lisifaulu, na mahasimu wa Ross wakadai kwamba mbu wakiuawa mahali pamoja, wengine wataruka kutoka kwingine wajaze nafasi. Ross akawajibu kwa hisabati katika mkutano wa St. Louis, Marekani, mwaka 1904, akibainisha kwamba mbu arukaye huku na huku pasi na mwelekeo hafiki mbali na alikozaliwa, na kwa hiyo katikati ya eneo pana lililosafishwa watafika wachache mno.

Mwishoni mwa 1907 akapelekwa Mauritius, kisiwa kilichosumbuliwa na malaria tangu miaka ya 1860, na katika taarifa yake ya 1908 akaendelea mbele zaidi. Alikadiria kwamba robo tu ya mbu hupata kumuuma mtu, kwamba thuluthi tu ya hao huishi hata vimelea vikakomaa, na kwamba robo ya waliosalia ndio wapatao kuuma tena. Basi, kwa kipimo hicho, katika mbu 48 wamzungukao mgonjwa, 12 watamuuma, 4 wataishi, na mmoja tu atamwambukiza mwingine. Natija yake iliwashangaza wengi: si lazima mbu wote wafe, kwani wakipungua chini ya kadiri fulani, wagonjwa hupona upesi kuliko wanavyoongezeka, na maradhi hufifia yenyewe.

Katika miaka ya 1950, George Macdonald wa London aliishika hesabu hiyo akaitazama kwa upande wa umri wa mbu. Natuchukulie kwamba vimelea huhitaji siku 12 kukomaa, na kwamba kila siku hufa mbu 10 katika 100. Siku ya kumi na mbili watasalia 28. Ukipunguza mazalio hata mbu wakawa robo ya walivyokuwa, watasalia 7. Lakini ukiyaacha mazalio, ukazidisha vifo vya kila siku mara nne, hatasalia hata mmoja katika 100. Hapo ndipo unapofahamu kwa nini kupaka dawa ya kuua mbu, D.D.T., kwenye kuta ambazo mbu hutua juu yake baada ya kushiba damu kulitukuzwa hivyo, na kwa nini mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani likathubutu kutangaza vita vya kuitokomeza malaria, ingawa sehemu kubwa ya Afrika iliachwa kando.

Huku kwetu hesabu ilikutana na mbu wa namna nyingine. Katika mradi wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Homa ilipungua sana, lakini maambukizo hayakukatika. Mambo yakawa yaleyale huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, kuanzia 1969, ambako juu ya kupulizia nyumba watu wote wa baadhi ya vijiji walipewa vidonge, na bado mbu wale, wapendao damu ya mwanadamu na kuishi maisha marefu, waliipita ile kadiri ya Ross kwa mbali mno. Klaus Dietz na Louis Molineaux, waliokuwa wakipanga hesabu za mradi huo, wakatia katika milinganyo kinga aipatayo mtu aliyeumwa na mbu tangu utotoni, jambo ambalo halikuwa na nafasi katika hesabu ya Mauritius.