Vita vya Msalaba, upande wa waliobeba mabegi

Wale mliokuwa kwenye grupu Jumamosi mnakumbuka vile ilienda. Mtu alituma ile video ya Vita vya Msalaba, mara huyu akasema Waislamu ndio walianza, yule akajibu Wakristo ndio wauaji wakubwa, na kabla ya saa mbili usiku vijana wawili wanaokaa hema moja walikuwa hawasalimiani. Mimi sikuandika kitu. Nilienda kusoma. Nilichotafuta ni kimoja tu: kwenye vita vile, wakimbizi walikuwa wapi? Maana vita bila wakimbizi mimi sijawahi kuiona. Samahani mapema, hili andiko ni refu kidogo.

Mwanzo wake nitaupitia haraka, wengi wenu mnaujua. Novemba 1095 Papa Urban wa pili alihubiri mjini Clermont, Ufaransa, akawaita Wakristo wa Ulaya waende kuukomboa Yerusalemu. Mwaka uliofuata, kabla hata hawajamwona Mwislamu mmoja, baadhi ya vikundi viliwashambulia majirani zao Wayahudi kwenye miji ya mto Rhine, kama Worms na Mainz. Tarehe 15 Julai 1099 jeshi la msalaba likaingia Yerusalemu. Waislamu na Wayahudi waliuawa kwa wingi sana. Idadi zilizoandikwa na watu wa zamani ni kubwa mno na wanahistoria wa leo wanazitilia shaka, lakini kwamba damu ilimwagika hakuna anayebisha, hata walioua wenyewe waliandika.

Kitu ambacho mimi sikukijua: Wakristo wengi wa Yerusalemu, watu wa pale pale, hawakuwemo mjini siku ile. Gavana aliyeshika mji kwa niaba ya Misri alikuwa amewatoa nje kabla ya mji kuzingirwa, akihofia watamsaidia adui. Yaani dini yao moja tu iliwafanya washukiwe, wakafunga mizigo. Na walipofika hao wenzao wa Ulaya, makasisi wa Mashariki wakasukumwa pembeni kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu. Jameni, hapo nilifunga simu nikakaa kimya kidogo.

Waliopona kwa upande wa Waislamu walitawanyika. Mwanahistoria Ibn al-Athir anasimulia kwamba kundi moja lilifika Baghdad katika mwezi wa Ramadhani, likiongozwa na kadhi Abu Sa'd al-Harawi. Wakaeleza yaliyowakuta, watu wakalia pamoja nao. Machozi yalikuwepo, jeshi halikuja. Wakubwa walikuwa na ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe. Aliyewahi kueleza kesi yake mbele ya wageni wenye kalamu na daftari, wakatikisa vichwa kwa huruma kisha wakaondoka na gari lao, anaielewa hiyo safari ya Baghdad bila kufundishwa.

Sasa ninakuja kwenye barua. Ndiyo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Mjini Cairo kuna sinagogi la zamani ambalo Wayahudi walikuwa wanatunza ndani yake karatasi zilizochakaa, kwa sababu hawakutaka kutupa maandishi yenye jina la Mungu. Humo ilipatikana barua ya karibu mwaka 1100, kutoka kwa wazee wa Kiyahudi wa mji wa pwani wa Ascalon kwenda kwa wenzao wa Alexandria. Ukiisoma, ni ripoti ya mradi kabisa! Tulipokea pesa zenu, tumekomboa watu kadhaa kutoka mikononi mwa Wafaranji, tumenunua na vitabu vitakatifu vilivyoporwa, tumewavisha na kuwalisha waliotoka, wengine wameugua na kufa njiani, bado kuna walioshikiliwa, tuna madeni, tunaomba mtuongezee. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, ile ripoti inayowakesha kila mwisho wa mwezi ina umri wa miaka zaidi ya 900.

Halafu kuna mtoto mmoja. Alizaliwa 1147 katika kijiji cha Jamma'il karibu na Nablus, chini ya utawala wa Wafaranji. Kwenye mwaka 1156 babu wa ukoo ule, au niseme mkubwa wao, Ahmad ibn Qudama, aliona maisha pale hayawezekani, akakimbilia Damascus na jamaa wakamfuata. Walipewa hifadhi kwenye msikiti wa Abu Salih nje ya lango la mashariki. Walibanana, magonjwa yakawapiga, ndipo wakapanda kwenye mteremko wa mlima Qasyun kujenga makao yao. Mtaa ule unaitwa Salihiyya na upo hadi leo. Yule mtoto alikuwa na miaka kama tisa tu wakati wa kuhama. Ndiye Muwaffaq al-Din Ibn Qudama, mwandishi wa al-Mughni, kitabu kikubwa cha fiqhi ambacho wanafunzi wa dini wanakisoma hata sasa. Mwenzetu, mtoto wa kambi.

Tufike 1187. Salahuddin alilivunja jeshi la Wafaranji pale Hattin mwezi wa saba, na tarehe 2 Oktoba Yerusalemu ukajisalimisha. Hakukuwa na mauaji kama ya 1099. Kulikuwa na bei. Balian wa Ibelin alijadiliana naye wakakubaliana: mwanamume dinari 10, mwanamke 5, mtoto 1 au 2 (wasimulizi wanatofautiana), muda siku 40. Kwa maskini 7,000 ililipwa jumla ya dinari 30,000, nyingi zikitoka kwenye akiba ya mfalme Henry wa pili wa Uingereza. Patriaki Heraclius akalipa dinari zake 10, akatoka na mizigo ya dhahabu na mazulia. Maofisa wa Salahuddin walikasirika wakataka azuiwe, yeye akasema ahadi ni ahadi. Ndugu yake al-Adil aliomba apewe watumwa 1,000, akapewa, akawaachia huru palepale. Msinielewe vibaya, hawakutoka wote. Imad al-Din, katibu wa Salahuddin, anataja watu kama 15,000 walioshindwa kulipa, na hao waliingia utumwani, wanawake na watoto wengi. Kwenye ile video Salahuddin ni malaika. Mama aliyekosa dinari 5 nadhani angekuwa na la kusema.

Na waliotoka je? Hapa ninamfuata msimulizi Mkristo wa zama zile. Anasema waliokwenda upande wa Tripoli, mji wa Wakristo, waliporwa na Wakristo wenzao njiani, na walipofika lango likafungwa. Wengine waliongozwa hadi Alexandria, nchi ya Waislamu, wakakaa nje ya mji majira yote ya baridi, wakilindwa na kulishwa. Machi 1188 meli za Pisa, Genoa na Venice zilitaka kuondoka. Wenye nauli wakapanda. Zaidi ya watu 1,000 wasio na kitu wakabaki ufukoni, na manahodha wakasema hatubebi mtu bure.

Sasa, meli zikitia nanga Alexandria zilikuwa zinaacha usukani kwa serikali mpaka zilipe ushuru. Gavana Mwislamu akawauliza manahodha, hawa si Wakristo wenzenu? Wakajibu ndiyo, ila hawana pesa, na chakula cha kuwalisha hatuna. Basi akatoa yeye mikate na maji ya safari, akawaapisha kwamba watawashusha salama kwenye ardhi ya Wakristo, akaongeza kwamba akisikia wameteswa njiani, wafanyabiashara wa miji yao watakaokuja Alexandria ndio watakaojibu. Wasiokubali, usukani haurudi.

Wakapakiwa wote, bure.