NYANYA NDOGO ZA KOPO: ZILIKOTOKA NA ZILIPOTUFIKISHA



Kikundi chetu kinapotimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa, kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza hisa, mikopo na marejesho. Sisi tunaoshughulikia bustani tumepewa nafasi hii tueleze jambo ambalo kila mgeni wa mkutano wetu huuliza: "Hivi haya makopo hapa uani ni ya nani, na hizi nyanya mbona ndogo kama zabibu?" Jibu la kwanza ni fupi: ni ya wanachama wasio na shamba. La pili ni refu kidogo, kwa sababu lina historia, na historia hiyo inapita nchi za mbali kabla ya kuingia uani kwetu.

ASILI YAKE

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba nyanya ni mboga yetu tangu enzi za mababu. La hasha. Yetu ya asili ni ndugu yake, nyanya chungu, ambayo wengine tunaiita ngogwe. Hiyo ndiyo ya Afrika hasa. Hii nyekundu, ambayo wenzetu wa Unguja wanaiita tungule, asili yake ni Amerika ya Kusini, pande za Peru na Ekuador. Huko mpaka leo ipo nyanya pori inayojiotea yenyewe, na tunda lake ni dogo, kiasi cha sentimita moja tu. Kwa hiyo, jamani, nyanya ndogo si nyanya iliyodumaa. Ndogo ndiyo ya mwanzo. Zile kubwa ni kazi ya mikono ya wakulima, hasa wa Meksiko, waliochagua mbegu za tunda nono msimu baada ya msimu.

Bernardino de Sahagún, padre wa Kihispania aliyeishi Meksiko katika karne ya 16, aliandika habari za wenyeji na masoko yao. Humo wamo wauza nyanya waliopanga nyanya za kila namna, kubwa na ndogo. Ukisoma habari hizo utadhani umesimama Kariakoo.

Wahispania ndio walioivusha bahari. Mwaka 1544 tabibu wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliitaja katika kitabu chake, na baadaye Waitalia wakaiita tofaa la dhahabu. Uingereza haikupokelewa vizuri: mwaka 1597 John Gerard aliisema vibaya katika kitabu chake cha mimea, na watu wengi waliiogopa kwa miaka mingi wakidhani ni sumu. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo, kwa sababu nyanya ni ya ukoo mmoja na mimea mingine yenye sumu kweli.

Hata ubishi wa kwamba ni tunda au ni mboga si wa jikoni kwetu peke yake. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba, kwa ajili ya ushuru, nyanya ni mboga, ingawa wataalamu wa mimea wanasema ni tunda. Mboga kutoka nje zilikuwa zikitozwa ushuru, na matunda hayakutozwa. Basi waagizaji wakalipa.

WASICHANA WA MWAKA 1910

Habari hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Mwaka 1910, katika wilaya ya Aiken, jimbo la South Carolina huko Marekani, mwalimu wa shule ya kijijini aitwaye Marie Cromer aliona kwamba wavulana walikuwa na vilabu vyao vya mahindi, na wasichana hawakuwa na kitu. Akaanzisha klabu ya nyanya ya wasichana. Kila msichana alilima sehemu moja ya kumi ya ekari, akavuna, akasindika nyanya zake kwenye makopo, akauza. Mshindi aliahidiwa kulipiwa masomo ya chuo. Vilabu hivyo vikaenea katika majimbo mengine ya kusini.

Tuangalie hapo vizuri. Hawakupewa shamba kubwa, walipewa kipande. Lakini kile kipande kilikuwa na hesabu yake, na hesabu ilikuwa ya msichana mwenyewe, si ya baba wala ya kaka. Sisi tunaokutana kila wiki mbele ya sanduku lenye kufuli tatu, tukahesabiana mbele ya macho ya wote, tunaielewa habari hiyo bila kuelezwa mara mbili. Hata utaratibu wetu wa sanduku umetoka mbali: ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE.

MMEA UNAFUPISHWA

Nyanya ya kawaida hupenda kutambaa. Usipoipa mti wa kuegemea inalala chini, na ndani ya kopo haitoshi. Mwaka 1914, huko Florida, ilionekana nyanya ya tabia tofauti: shina lake lilifika mahali likakoma lenyewe, likatoa maua. Wazalishaji wa mbegu wakaishika tabia hiyo. Tabia ya pili ni ya ufupi wenyewe, yaani pingili zinazokaribiana na majani ya kijani kilichokolea, yenye mikunjo.

Mwaka 1945, katika chuo kikuu cha New Hampshire, Albert Yeager alitoa nyanya iliyoitwa Tiny Tim, fupi kuliko goti la mtu mzima na yenye vitunda vidogo vya mviringo. Mwaka 1989 chuo kikuu cha Florida kilitoa Micro-Tom, fupi zaidi, kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Ilikusudiwa iwe pambo la chungu dirishani. Kumbe wanasayansi nao wakaipenda, kwa sababu inakua upesi na haihitaji nafasi. Leo inatumika katika maabara nyingi duniani.

KUFIKA KWETU

Kulima mjini hakukuanza na sisi. Mwaka 1974 na 1975 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Baadaye, katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi hata nusu ya mwezi, Dar es Salaam ilijaa mchicha mabondeni na mihogo pembeni mwa nyumba. Lakini angalieni: mwenye kiwanja ndiye aliyelima. Mpangaji wa chumba kimoja alitazama tu.

Wanachama wetu wengi ni wapangaji. Ndiyo maana, mwenzetu mmoja alipoletewa na nduguye pakiti ya mbegu za nyanya fupi, hatukuziona kama mchezo. Tulianza na makopo ya maziwa, madumu yaliyokatwa na ndoo za rangi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, makopo yakazidi kupata heshima.

Mwaka mmoja, wenzetu wawili waliambiwa na mwenye nyumba wahame. Mwenye shamba akihamishwa anaacha mazao. Wao walipakia makopo 14 kwenye mkokoteni pamoja na magodoro, na jioni ile ile walichuma kachumbari ya kula na ugali katika chumba kipya.

Hatutaki kumdanganya mtu. Kopo moja halitajirishi. Ila makopo 10 yanapunguza safari za gengeni, na wakati wa mavuno mengi fungu linalobaki linanunuliwa na mama lishe wa jirani. Yupo mjane kati yetu ambaye, wiki ambazo biashara ya vitumbua ililala, hisa yake ilitoka kwenye kopo. Hakukosa hata wiki moja. Kwa mtu ambaye akikosa hisa anapoteza haki ya kukopa, hilo si jambo dogo.

TUNAVYOFANYA

Toboa matundu chini ya kopo. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Fukia mbegu kiasi cha nusu sentimita hadi moja, mwagilia kidogo kidogo. Baada ya siku 5 hadi 10 inachungulia. Mche ukiwa na majani ya kweli mawili au matatu, uhamishie kwenye chombo cha lita 4 au zaidi, mmea mmoja kila chombo. Uweke panapopata jua kwa saa 6 au zaidi. Mwagilia kwa kipimo kile kile kila siku, maana ukiacha ikauke kisha uizamishe, tunda linaoza kitako. Maua yakitoka, tikisa shina taratibu, yatajichavusha yenyewe.

Sisi wa Dar tunasia Aprili na Mei, miche ikikingwa na mvua chini ya upenu, ili maua yaje Juni na Julai usiku unapopoa. Joto la Januari hudondosha maua.

Adui mkubwa ni kantangaze, kiwavi aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Naye ametoka kule kule Amerika ya Kusini, kamfuata nyanya wake mpaka huku! Shambani anamaliza ekari. Kwenye kopo unakagua jani moja moja asubuhi, unalichuma lenye michirizi, unalichoma moto.

MBEGU NI AKIBA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo bado tunabishana, na tunaona lisemwe hadharani. Baadhi yetu wanataka tununue mbegu chotara kila msimu, kwa sababu zinazaa sana. Ni kweli zinazaa. Lakini mbegu ukizitoa kwenye tunda la chotara, watoto hawafanani na mama, kwa hiyo msimu ujao unarudi dukani na pesa mkononi. Tiny Tim na Micro-Tom si chotara. Nyanya hujichavusha, hivyo mbegu yake huzaa mfano wake. Kamua mbegu za tunda lililoiva kutoka mmea bora, ziache kwenye maji yake siku 2 au 3 mpaka utelezi uachie, suuza, anika kivulini. Zikikauka sawasawa na kuwekwa pakavu, zinakaa miaka minne na zaidi.

Maoni yetu ni haya: anayetaka chotara anunue kwa pesa zake, lakini kikundi kisiache mbegu inayojizaa yenyewe. Mwanachama mpya aliyeingia jana, hana shamba, hana mtaji, tumpe nini cha kuanzia? Tumpe punje 10 na kopo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nyanya inaoza, tena upesi. Mbegu yake haiozi. Ndiyo maana ndani ya sanduku letu, chini ya madaftari, ipo chupa ndogo yenye mbegu za msimu uliopita. Wenye funguo tatu wanaijua. Kila mwanachama ana haki nayo, na kila atakayechukua atarudisha baada ya mavuno, kama mkopo mwingine wowote.