Ajali ya Pikipiki: Namna Ukiukaji wa Sheria Unavyoathiri Madai ya Fidia

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Kuanzia Mbalizi, Mwanjelwa na Uyole mkoani Mbeya hadi Mafinga na Ipogolo mkoani Iringa, barabara kuu ya Tanzania–Zambia hutumiwa kwa pamoja na malori, mabasi na bodaboda. Ajali inapotokea, majeruhi asiyevaa kofia ngumu, au aliyepanda kwa mtindo wa "mishikaki", mara nyingi hukata tamaa akiamini kuwa haki yake ya fidia imepotea. Imani hiyo si sahihi, ingawa kosa lake linaweza kumgharimu.

Kosa la barabarani na madai ya fidia

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaainisha makosa ya jinai yanayoadhibiwa kwa faini au kifungo. Fidia ya majeraha hudaiwa katika shauri la madai, ambamo mahakama hupima mambo mawili: iwapo mdaiwa alifanya uzembe, na iwapo uzembe huo ndio uliosababisha madhara. Dereva asiye na leseni anaweza kushtakiwa kwa kosa hilo, lakini ikiwa aligongwa kwa nyuma akiwa amesimama kihalali, ukosefu wa leseni haukuwa chanzo cha ajali.

Hata hivyo, kesi ya jinai ina uzito wake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho ya jinai, baada ya muda wa rufaa kupita, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa husika. Kwa hiyo, majeruhi anapaswa kufuatilia namba ya kesi na kupata nakala ya hukumu. Vilevile, dereva asikiri kosa ambalo hakulitenda kwa lengo la "kuyamaliza", kwani kukiri huko kunaweza kumfuata katika shauri la fidia.

Majeruhi anapokuwa na mchango katika madhara

Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, inaelekeza kwamba majeruhi aliyechangia madhara kwa uzembe wake hanyimwi fidia, bali hupunguziwa kulingana na mchango wake. Kwa mfano, mahakama ikikadiria hasara kuwa shilingi milioni 10 na mchango wa majeruhi kuwa asilimia 30, atalipwa shilingi milioni 7.

Kuhusu kofia ngumu, hoja huwa ni jeraha lenyewe. Kutoivaa kunaweza kupunguza fidia ya jeraha la kichwa, lakini hakuhusiani na mguu uliovunjika. Nchini Uingereza, katika shauri la O'Connell dhidi ya Jackson lililoripotiwa mwaka 1972, Mahakama ya Rufani ilipunguza fidia kwa asilimia 15 kwa sababu hiyo. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, ila unaonesha namna kanuni hii inavyotumika.

Nani anayelindwa na bima

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Bima hiyo humlinda mtembea kwa miguu aliyegongwa, na abiria anayesafirishwa kwa malipo. Haimlipi dereva aliyejiumiza mwenyewe. Huyo huhitaji bima ya ziada. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi huku ikibeba abiria kwa nauli huweza kuzua mgogoro wakati wa madai. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania.

Hatua za kuchukua

Ajali iripotiwe polisi mara moja na majeruhi apatiwe Fomu ya Polisi Namba 3 (PF3). Yafaa kutunza picha za eneo la ajali, namba za usajili, mawasiliano ya mashahidi, taarifa za daktari na risiti zote za matibabu. Kampuni ya bima ijulishwe mapema kwa maandishi. Mwananchi asitie saini makubaliano ya malipo kabla ya daktari kuthibitisha kiwango cha ulemavu.

Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la fidia itokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Majeruhi akifariki dunia, wategemezi wake wana haki ya kudai chini ya Sura ya 310. Mgogoro na kampuni ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kofia ngumu, leseni na bima hai ni kinga ya maisha kwanza, na pia ni kinga ya haki zao mbele ya mahakama.