Diski Pacha za Musinzira: Historia ya Nakala Mbili na Uhifadhi wa Kiswahili cha Burundi

Mwaka 1939 moto uliteketeza ofisi za sekretarieti ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi, na nyaraka nyingi za miongo ya mwanzo ya utawala huo zikapotea. Wanaoandika historia ya miaka ile hutegemea kwa sehemu kubwa ripoti na barua zilizosalia mikoani na wilayani, kwa kuwa ofisi ya wilaya ilipopeleka ripoti yake makao makuu ilibaki na nakala. Nakala hiyo haikukusudiwa kuwa kinga ya moto. Ilikuwa desturi ya ofisi tu. Katika miaka ya 1960 nyaraka za mikoa na wilaya zilipigwa filamu ndogo, na nakala za filamu hizo zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Hali kama hiyo inaonekana katika kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ulioitawala Burundi pia: sehemu moja imo Dar es Salaam, nyingine Berlin, na pengo la upande mmja mara nyingine huzibwa na upande wa pili.

Makala haya yanalifuata wazo hilo la nakala mbili hadi kwenye kasha dogo la diski lililo juu ya meza mtaani Musinzira, Gitega.

Kilichomo kina thamani kwa sababu ya historia ya mahali. Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912, na Kiswahili kilikuja na askari, makarani na wafanyabiashara. Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, kilikwisha kuwa na njia zake za biashara na za dini. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini sheria ya lugha ya mwaka 2014 inataja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo usemi wa wazee wa miji hii miwili, ambao si wa Unguja wala wa Bukavu, unategemea zaidi rekodi za watafiti. Mwandishi wa makala haya anatunza rekodi za aina hiyo, na baadhi ya wasemaji wake wamekwisha kufariki.

Mbinu ya diski pacha si ngeni. Mwaka 1976 kampuni ya Tandem ilianza kuuza kompyuta zilizobuniwa zisisimame hata sehemu moja ikiharibika, na diski zake ziliweza kuwekwa mbili mbili. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala yaliyoupa mpango huu jina la RAID na kuugawa katika ngazi tano. Ngazi ya kwanza ndiyo ya pacha: kila kinachoandikwa huandikwa kwenye diski zote mbili. Waandishi hao waliiona kuwa njia ya gharama kubwa, maana nusu ya diski hununuliwa kwa ajili ya kurudia tu. Kwa mtafiti mwenye diski mbili hesabu hiyo haina uzito. Kwake urahisi wa mpango ndio faida yenyewe.

Jioni moja taa ya diski ya pili iligeuka nyekundu. Msaidizi wangu alitaka kuichomoa papo hapo na kuirudisha, kama watu wafanyavyo kwa redio iliyonyamaza. Nilimzuia. Hatari ya saa ile haikuwa diski iliyokufa, bali iliyobaki, kwa kuwa sasa ilikuwa peke yake. Nayo ilinunuliwa siku moja na mwenzake na kufanya kazi saa zile zile. Kujenga upya humaanisha kusoma diski nzima, hata sehemu zisizo na kitu. Diski ya terabaiti 4, ikisomwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7. Tulianza basi kwa kunakili rekodi zenyewe kwenye diski ya tatu. Baadaye tuliandika namba za diski zote kwenye karatasi, maana anayekosea na kuichomoa iliyo nzima huenda akakifanya kidhibiti cha kasha kinakili utupu juu ya data. Ndipo tukaingiza diski mpya, kasha likiwa limeunganishwa na betri ya akiba. Umeme ulikatika usiku ule, nayo kazi ikaendelea.

Asubuhi taa zote zilikuwa za kijani. Tulipolinganisha mafaili na namba za uhakiki tulizoandika siku za kurekodi, matatu hayakulingana. Yalikuwa yameharibika tangu yalipohamishwa kutoka Muyinga, na pacha wake akayatunza pamoja na kasoro zake kwa uaminifu. Hapa ndipo sera nyingi za uhifadhi ninazosoma hupotoka: huhesabu diski pacha kuwa nakala rudufu. Pacha hulinda dhidi ya kifo cha diski. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa pande zote mbili mara moja. Kasha likiibwa, huibwa na diski zote.

Mafaili mawili tuliyapata kwenye kadi ya kinasa sauti iliyokuwa imesahauliwa sandukuni Muyinga, bila mpango wowote, sawa na zile ripoti za wilaya za Kenya. La tatu, dakika arubaini za mama mmoja akisimulia biashara ya chumvi, halikupatikana, na mama huyo hayupo tena.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, pamoja na wafadhili wa utafiti, huweza kudai jambo moja katika kila bajeti ya mradi wa rekodi: nakala ya tatu katika mji mwingine, na siku za kazi zinazolipwa za kuihakiki kila mwaka. Yetu sasa iko Muyinga. Uhakiki wake wa kwanza ulituchukua siku mbili.