Samatta Alipikwa Lubumbashi

Ukipima kwa mstari ulionyooka, Kibaoni, kwenye barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga, iko karibu na Lubumbashi kuliko Dar es Salaam. Lakini huku Katavi, kama kwingineko nchini, safari ya Mbwana Samatta husimuliwa kana kwamba alitoka Mbagala, Dar es Salaam, akapita Simba, akatua Ulaya. Miaka minne na ushei aliyoichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, hutajwa kwa sentensi moja. Makala haya yanashikilia kwamba miaka hiyo inayorukwa ndiyo iliyomfanya awe mshambuliaji tunayejivunia.

Mwaka 2011 Simba ilipokutana na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo walimwona kijana huyo wa miaka 18, aliyepitia African Lyon, wakamnunua. Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Huko namba haitolewi kwa sifa za magazetini; inagombewa mazoezini kila wiki na watu waliokwisha kubeba makombe. Tena Lubumbashi ni mji ambao Kiswahili kinazungumzwa mitaani, hivyo ugeni haukumwongezea mzigo. Matunda yalionekana mwaka 2015: mabao 7, kileleni mwa wafungaji wa Ligi ya Mabingwa Afrika, na penalti mbili katika fainali dhidi ya USM Alger, moja Algiers kwa wenyewe, nyingine Lubumbashi. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo Genk ya Ubelgiji ikamsajili.

Kwa hiyo Genk haikununua kipaji cha kubahatisha. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na timu ikatwaa ubingwa. Novemba 2019 aliifunga Liverpool kwa kichwa pale Anfield. Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Machi 1 mwaka huo, fainali ya Kombe la Ligi, Villa ilikuwa nyuma 2-0 mbele ya Manchester City. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi akamimina krosi. Samatta akajirusha mbele ya mabeki, akaupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Villa ilifungwa 2-1, lakini bao lile ni la mchezaji aliyezoea fainali kabla hajaiona Wembley.

Wapo watakaosema ni kipaji tu, kwani Thomas Ulimwengu naye alikuwa Mazembe na hakufika England. Ni kweli, shule moja haitoi wanafunzi wanaolingana. Lakini Ulimwengu naye alibeba ubingwa wa Afrika, kisha akacheza Sweden. Hiyo si hasara. Wengine watamtaja Sunday Manara, aliyekwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970 bila kupitia Kongo. Manara anastahili heshima yake yote, ila safari yake haikuacha njia ambayo wengine wangeifuata. Njia ya Samatta inaweza kurudiwa, kwa sababu kila hatua yake inajulikana.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mtoto wa Mbagala alikulia mlangoni mwa klabu kubwa, wa Kibaoni hana mlango huo. Hili halibatilishi hoja. Linaonyesha kazi iko wapi. Katavi, mkoa tangu 2012, unahitaji ligi za wilaya zinazochezwa msimu mzima na macho ya klabu kubwa yanayofika hadi Kibaoni. Na klabu zetu, zikipata ofa kutoka klabu ya Afrika yenye ushindani, zisiione kuwa ndogo kwa sababu haitoki Ulaya. Kijana wa Kibaoni hahitaji kuahidiwa England. Anahitaji hatua ya kwanza nyumbani na ya pili iliyo ngumu kuliko ya kwanza.