Daktari Aliyefia Kasongo

Joseph Everett Dutton alifia Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo, tarehe 27 Februari 1905. Alikuwa daktari wa Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool, kijana wa miaka 30. Homa iliyomuua ni ileile ambayo yeye na mwenzake walikuwa wamegundua chanzo chake miezi michache tu nyuma.

Vitabu vya historia huitaja Kasongo kama mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, kisha kama mji uliotekwa na majeshi ya Mbelgiji Dhanis mwezi Aprili 1893. Kifo cha Dutton hakitajwi sana. Mimi naona kinastahili nafasi yake, kwa kuwa mtu huyu mmoja aligusa magonjwa mawili ambayo, yakiwekwa pamoja, yanaonyesha vizuri jinsi mwili unavyotengeneza kingamwili na jinsi unavyojizuia usizidishe.

Ugonjwa wa kwanza ni malale. Mwaka 1901, nchini Gambia, daktari Forde aliona vijidudu katika damu ya nahodha Mzungu asijue ni vitu gani. Dutton ndiye aliyevitambua, na mwaka uliofuata akaviita Trypanosoma gambiense. Kwa sifa hiyo alitumwa Kongo mwaka 1903, pamoja na Mkanada John Lancelot Todd na Cuthbert Christy, kuchunguza malale katika nchi iliyokuwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Christy aliondoka mapema. Wawili waliobaki walipanda mto mpaka Stanley Falls, Kisangani ya leo, na huko mwishoni mwa 1904 wakakutana na ugonjwa wa pili: homa ya papasi.

Papasi hana gamba gumu kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi alikotoka, hata aliyeumwa akiamka asimkute mwilini. Anaweza kukaa miaka bila kula. Vibanda vya kulala wasafiri vilimfaa sana, na nchi hii ilikuwa nchi ya misafara: waliotoka Ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe walipita Kabambare. Wenyeji waliwaambia wageni kwamba kuumwa na papasi huleta ugonjwa. Dutton na Todd walithibitisha neno hilo kwa kuwaachia papasi wawaume nyani, wakiwemo papasi wachanga walioanguliwa maabarani, na nyani hao wakaugua. Wao wenyewe pia waliugua wote wawili. Todd alipona. Kijidudu kile, chembamba na kilichojisokota, leo kinaitwa Borrelia duttonii kwa heshima ya marehemu.

Mwenendo wa homa hii ndio unaonivutia zaidi. Mgonjwa huwaka moto siku tatu hivi, na damu yake ikitazamwa kwa hadubini huonekana imejaa vijidudu. Kisha hutoka jasho jingi, homa hushuka ghafla, na damu huonekana safi. Hukaa vizuri kama wiki moja, akadhani amepona. Halafu homa hurudi, na inaweza kurudi tena na tena.

Homa inaposhuka, ni kingamwili zimefanya kazi. Seli za kinga ziitwazo seli B, zilizotambua ngozi ya kijidudu, huongezeka upesi, nyingine zikageuka viwanda vya IgM, kingamwili ya mwanzo yenye mikono kumi ya kushikia. Vijidudu hushikwa na kuuawa. Kinachobaki ni vile vichache vilivyokwisha kubadili ngozi, ambavyo kingamwili zile hazivitambui. Mwaka 1982, Stoenner na wenzake nchini Marekani walichukua kijidudu kimoja tu cha jamii ya Borrelia na kupata kwa uzao wake ngozi za aina 24.

Mbona basi mwili hauendelei kutengeneza zile kingamwili za kwanza? Sababu ni kwamba kazi yake imekwisha, na mwili una njia kadhaa za kuisimamisha. Adui akiondoka, kichocheo kimeondoka. Seli nyingi za kutengeneza kingamwili hufa baada ya siku chache. Chache tu hupata nafasi ndani ya uboho wa mifupa, na nafasi hizo si nyingi. IgM yenyewe hupungua kwa nusu kila siku tano hivi. Juu ya hayo kuna breki: kingamwili aina ya IgG iliyomshika adui inaponasa kwenye seli B, huigusa pia kwenye kipokezi kinachoiamuru seli hiyo itulie. Bila mipaka hiyo damu ingekuwa nzito, figo zingeziba, na kingamwili zingeanza kuushambulia mwili wenyewe.

Kwamba kingamwili huzuia kingamwili si habari mpya. Theobald Smith aliliona jambo hilo mwaka 1909, miaka minne baada ya Dutton kufa, alipowadunga simbilisi sumu ya dondakoo iliyochanganywa na kingamwili nyingi kupita kiasi, kinga yao ikashindwa kujengeka. Kasongo ilikuja kukutana na suala hilohilo katika miaka ya 1970, wakati Mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulipowachanja watoto surua. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama. Hizo humlinda, lakini pia humzuia kutengeneza zake pale anapochanjwa mapema mno. Ukichelewa, surua inakutangulia. Utafiti uliofanywa Kenya katika miaka hiyohiyo ulisaidia kuweka umri wa miezi tisa, na mama wengi wa Maniema wanaujua umri huo kutoka kwenye kadi ya kliniki.

Malale huvunja utaratibu huu wa mwili kujizuia. Kijidudu chake nacho hubadili ngozi, lakini hakitoweki katika damu, basi seli B huchochewa bila kupumzika. IgM hupanda mara nyingi zaidi ya kawaida, na sehemu kubwa yake haimlengi adui yeyote. Kingine kilichotia hofu ni utafiti wa mwaka 2008 ulioonyesha kwamba, katika panya, ugonjwa huu hufuta kumbukumbu ya kinga. Je, aliyechanjwa surua akipata malale, chanjo yake inapotea? Veerle Lejon, Dieudonné Mumba Ngoyi na wenzao waliwapima wagonjwa wa Kongo na kutoa jibu mwaka 2014: kingamwili za surua zilipungua, lakini kwa wengi zilibaki juu ya kiwango cha kuwakinga.

Maniema bado ni miongoni mwa mikoa yenye malale, na upimaji wake hutumia kingamwili. Tone la damu ya kidole huchanganywa na tone la dawa juu ya kadi nyeupe, kadi huzungushwa dakika tano, na chembe za buluu zikigandamana, mtu huyo hushukiwa kuwa na ugonjwa. Kwa aliyekwisha kutibiwa kadi hiyo haitoshi. Kingamwili zake zinaweza kubaki muda mrefu baada ya kijidudu kufa, kwa hiyo wapimaji hutafuta kijidudu chenyewe, kwenye damu, kwenye maji ya uti wa mgongo, au kwa kuchoma sindano kwenye mitoki ya shingo.