Ukarabati wa tembe mkoani Singida

Ukarabati wa tembe ni kazi ya kuigeuza nyumba ya jadi ya Tanzania ya kati, yaani tembe, iwe makazi ya familia yenye mwanga, hewa na nafasi, bila kuacha vifaa vyake vya asili: udongo, miti, mawe na majani. Makala hii inahusu hasa mkoa wa Singida, ambako tembe zilijengwa na Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na, upande wa Manyoni, Wagogo.

Tembe nyingi zimebomolewa au zimeachwa zianguke, na mahali pake pamejengwa nyumba za tofali na mabati. Zilizobaki huonekana kuwa nyumba za giza na za umaskini, na sifa hiyo haikuja bure. Hata hivyo karibu kila kasoro ya tembe ilikuwa na sababu yake. Ukosefu wa madirisha ulileta usalama na ubaridi. Moshi ulilinda miti isiliwe na wadudu. Uzito wa paa ulishinda upepo. Kwa hiyo anayeondoa kimoja kati ya hivyo anapaswa kujua ataweka nini badala yake, la sivyo nyumba iliyodumu miaka 30 inaweza kuharibika ndani ya misimu michache ya mvua.

Muundo wa tembe

Tembe ni nyumba ya umbo la mstatili, fupi kwenda juu, yenye paa bapa la udongo. Kwanza husimamishwa safu za nguzo zenye panda, yaani zenye tawi lililogawanyika juu. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa fito kwa kubanana, kisha majani au maganda ya miti, na mwisho udongo ulioshindiliwa. Kuta ni fito zilizofungwa kwenye miti na kukandikwa udongo, mara nyingi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Mlango ni mmoja. Badala ya madirisha huwa kuna matundu madogo tu, na mara nyingine hayapo kabisa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba paa la tembe hubebwa na nguzo, si na kuta. Ukuta ni kizuizi tu. Ndiyo maana tembe ni rahisi kufunguliwa ndani kuliko nyumba nyingi za tofali: viambaza vinavyotenga vyumba vinaweza kuondolewa, nguzo zikabaki zimesimama katikati ya ukumbi, na paa lisihisi chochote.

Ndani ya nyumba watu walilala, walipika na kuhifadhi nafaka katika vilindo na vihenge. Ndama na mbuzi walilazwa humohumo au katika chumba cha jirani. Boma la mifugo lilikuwa karibu, na katika miji mikubwa ya ukoo tembe kadhaa ziliungana kuuzunguka ua. Katika ndoa za wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake. Maisha ya Wanyaturu katika karne ya 20 yalielezwa kwa kirefu na wanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu cha mwaka 1970, na Marguerite Jellicoe, katika kitabu cha mwaka 1978.

Historia

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Manyoni, kwenye nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Wasafiri walilitumia neno tembe kwa nyumba yoyote ya udongo yenye paa bapa, pamoja na nyumba kubwa za wafanyabiashara Waarabu. Tembe inayojulikana zaidi duniani ni ya aina hiyo ya pili: ile ya Kwihara karibu na Tabora, ambako David Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kuagana na Henry Morton Stanley mwezi Machi, hadi alipoondoka mwezi Agosti. Siku hizi ni makumbusho. Katika Dar es Salaam, tembe ya Tanzania ya kati inaweza kuonwa kwenye Makumbusho ya Kijiji.

Pigo kubwa kwa tembe lilikuja miaka ya 1970. Mwezi Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji kuwe lazima kwa wote kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Katika Operesheni Vijiji familia nyingi ziliacha makazi yaliyotawanyika na kujenga upya kando ya barabara, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa safu. Tembe haihamishiki. Boriti nzuri ziliweza kubebwa, lakini udongo, ua na boma vilibaki nyuma. Pamoja na hayo ilienea kampeni ya nyumba bora, na machoni pa watu wengi nyumba bora ilikuwa na maana ya saruji na bati.

Si viongozi wote waliofurahia maana hiyo. Mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere alilaumu mapenzi ya watu kwa saruji na mabati. Kwa maoni yake yalikuwa maradhi ya fikra: watu walikataa tofali za kuchoma na vigae vinavyotokana na udongo wao wenyewe, wakawa wanangoja vifaa kutoka mbali. Inafaa kukumbuka kwamba ni serikali hiyohiyo iliyowahamisha watu kutoka kwenye nyumba zao za udongo.

Kasoro za tembe

Moshi wa kuni unaobaki ndani huumiza macho na mapafu, na wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wadogo wanaokaa karibu na jiko. Giza huzuia kusoma, kushona na hata kuona uchafu. Paa bapa huvuja mvua ikinyesha mfululizo.

Hatari isiyoonekana ni papasi. Hao ni kupe laini wa jenasi Ornithodoros wanaoishi katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, na wanaweza kukaa miaka bila chakula. Hueneza homa ya papasi, inayosababishwa na bakteria Borrelia duttonii. Homa hupanda, hupoa siku kadhaa, kisha hurudi. Inatibika kwa antibiotiki, lakini kwa wajawazito na watoto wachanga inaweza kuua. Jina la bakteria huyo linamkumbuka daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyefariki mwaka 1905 nchini Kongo akiwa anaichunguza homa hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo ukarabati unaoongeza madirisha na rangi lakini ukaacha nyufa na sakafu ya vumbi umefanya nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito.

Kuanzia paa

Paa la udongo lenye unene wa sentimita 15 lina uzito wa karibu kilo 240 kwa kila mita ya mraba likiwa kavu, na zaidi likilowa. Kabla ya kuondoa ukuta au kutoboa dirisha, kila nguzo hukaguliwa usawa wa ardhi, kwa kuwa hapo ndipo mchwa na unyevu huanza. Nguzo iliyooza hubadilishwa moja baada ya nyingine huku boriti ikiwa imeshikiliwa na mhimili wa muda. Nguzo mpya ni vizuri isichimbiwe tena udongoni, bali isimame juu ya jiwe. Mawe ya matale hayana shida kupatikana Singida. Mji wenyewe umezungukwa nayo.

Njia inayofaa mara nyingi ni kuacha dari ya udongo, kuipunguza unene, na kujenga juu yake paa jepesi la bati au la nyasi lenye mteremko, likiachana na dari kwa nafasi ya kutosha upepo kupita. Bati hukinga mvua, udongo hukinga joto na kelele za mvua, na hewa katikati hufukuza joto linaloshuka kutoka kwenye bati. Msanifu Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso alitumia wazo kama hilo katika shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, iliyokamilika mwaka 2001: dari ya udongo yenye uwazi, na juu yake bati lililoinuliwa. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na Kéré mwenyewe alipata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022.

Singida ni mkoa wa upepo. Paa la zamani halikuweza kupeperushwa kwa sababu ya uzito wake, lakini bati halifiki hata kilo 5 kwa mita ya mraba. Mapau ya paa jipya yanapaswa kufungwa kwa waya au kamba za chuma hadi kwenye boriti na nguzo. Misumari peke yake haitoshi. Paa litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 60, kwa kuwa adui wa ukuta wa udongo ni maji yanayoupiga na yale yanayoruka kutoka chini. Maji ya bati yakivunwa kwenye tangi, familia hupata kitu ambacho tembe haikuwahi kutoa, katika mkoa ambao kwa kawaida hauoni mvua kuanzia Mei hadi Novemba.

Mwanga na nafasi

Madirisha hutobolewa kati ya nguzo na nguzo, kamwe si kwa kukata nguzo. Juu ya kila dirisha huwekwa lenta ya mti mgumu. Kwa kuwa Singida iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita karibu na utosi, na kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na ukingo wa paa. Dirisha la magharibi huingiza jua kali la alasiri. Upande wa mashariki na kusini-mashariki hupokea upepo wa kiangazi, ambao Juni na Julai ni wa baridi, hivyo huhitaji mbao za kufunga.

Vyumba vya kati visivyogusa ukuta wa nje hupata mwanga kutoka juu, kupitia kipande cha bati angavu kilicho juu ya tundu la dari. Kimoja kidogo hutosha. Vikizidi chumba hugeuka tanuri. Kuta zikipakwa chokaa nyeupe ndani, mwanga wa dirisha moja hufika mbali zaidi. Matundu yote huwekwa wavu wa mbu, maana nyumba iliyofunguliwa imefunguliwa kwa mbu pia. Kwamba hewa na kinga ya mbu vinaweza kwenda pamoja kumejaribiwa mkoani Mtwara, katika nyumba 110 za majaribio zenye kuta za wavu unaopitisha upepo.

Kuta na sakafu

Kosa linaloonekana sana vijijini ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo hutanuka na kunywea. Baada ya muda lipu hutengana na ukuta, maji huingia nyuma yake na kukwama, na ukuta huoza mahali pasipoonekana huku nyufa zikiwapa papasi nyumba mpya. Lipu inayofaa ni ya udongo na mchanga, pamoja na majani yaliyokatwakatwa na mavi ya ng'ombe yaliyoachwa yachachuke siku kadhaa. Nje inaweza kumaliziwa kwa chokaa. Udongo wa kichuguu hupendwa kwa sababu ni laini na hushikana vizuri, ila ukitumiwa bila mchanga hupasuka.

Ukuta uliokwisha kabisa hujengwa upya kwa tofali mbichi, au kwa tofali za kufungamana zinazoshindiliwa kwa mashine kutoka udongo na saruji kidogo, kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 kwa 100. Tofali hizo hazichomwi, hivyo hazimalizi kuni. Zimeenezwa nchini na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, mrithi wa kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanza miaka ya 1970.

Sakafu ya zamani huchimbwa na udongo wake kutupwa mbali, usitumiwe kukandika. Kisha huwekwa kokoto, udongo ulioshindiliwa kwa tabaka, na uso mgumu wa chokaa na mchanga au wa tofali za kuchoma. Katika nchi nyingine sakafu ya udongo hunyweshwa mafuta ya kitani ili iwe ngumu. Singida ni mkoa wa alizeti na wazo la kutumia mafuta yake huja haraka, lakini mafuta ya alizeti hukauka polepole mno na huacha uso unaonata.

Moshi na mchwa

Jiko likihamishiwa nje au likijengewa bomba, miti ya paa hupoteza mlinzi wake. Moshi wa miaka mingi uliipaka masizi ambayo dumuzi na wadudu wengine hawayapendi. Familia nyingi hupaka oili chafu ya magari. Husaidia kiasi, lakini haifai chumba ambamo watoto hulala. Badala yake miti mipya hulowekwa katika maji ya chumvi ya boraksi, na nguzo za chini huchaguliwa kutoka miti migumu kama mpingo.

Matunzo

Nyumba ya udongo hukarabatiwa kila mwaka baada ya mvua. Nyufa huzibwa, lipu ya chini iliyomomonyoka hurudishiwa, chokaa hupakwa upya, na njia za mchwa, zinazoonekana kama vibomba vya udongo juu ya mawe na nguzo, hukwanguliwa. Zamani kukandika kuta kulikuwa mara nyingi kazi ya wanawake, waliosaidiana nyumba kwa nyumba. Kwa familia ambayo vijana wake wamehamia mjini, mikono hiyo huwa haba kuliko vifaa, na mara nyingine fundi wa kulipwa huitwa kila mwezi wa Juni, kabla kazi ya kupura mtama haijaisha na vijana hawajasafiri tena.